Konpeito, Wasanbon, Kohakuto au Kurozato: Ipi Uipe Chokoleti Yako ya Nyumbani?

Umetengeneza chokoleti yako mwenyewe, imeganda vizuri, iko kwenye friji. Kabatini kuna pakiti ya pipi za sukari za Kijapani, ama umeletewa na mtu aliyetoka safari, ama ulizinunua kwa sababu zilikuwa nzuri kuzitazama. Wageni wanakuja saa kumi. Unasimama jikoni ukijiuliza: nikiziweka pamoja, si itakuwa sukari juu ya sukari?

Inaweza kuwa. Nimekula sahani za namna hiyo, na mbili tatu nilizipika mwenyewe. Lakini nimekulia Tanga, na kule hakuna anayeshangaa kwamba kahawa ya kikombe kidogo haitiwi sukari. Utamu unakaa pembeni, kwenye kashata au kipande cha halua. Unauma kwanza, ndipo unapiga funda la uchungu. Nilipohamia Osaka nikakuta watu wa chai ya matcha, ile ya kijani iliyosagwa unga, wana mpango uleule: pipi kavu ya sukari huliwa kwanza, chai huja nyuma yake. Basi chokoleti ikiwa chungu ya kutosha inaweza kushika nafasi ya kahawa. Inabaki kuitafutia kashata yake.

Nimelinganisha pipi nne. Zote kiini chake ni sukari, na zikishafika mdomoni hazifanani hata kidogo.

Chokoleti niliyoitumia

Jiko langu halina oveni, kama majiko mengi ya vyumba vya kupanga huku, kwa hiyo ninatengeneza nama choko. "Nama" ni mbichi. Imeitwa hivyo kwa sababu ya krimu mbichi inayotiwa ndani. Kipimo changu ni gramu 200 za chokoleti yenye kakao asilimia 70, mililita 100 za krimu nzito, kijiko kimoja cha siagi, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Krimu napasha mpaka itoe mapovu pembezoni mwa sufuria, naimwaga juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, naiacha dakika mbili bila kuigusa, kisha nakoroga kuanzia katikati, taratibu, mpaka ing'ae. Saa tatu au nne kwenye friji, nakata vipande vya mraba, naviringisha kwenye unga wa kakao. Baadhi ya zile za dukani hutiwa kileo kidogo, kwa hiyo anayejali halali asome lebo. Ya nyumbani haina haja nacho.

Wenye oveni wataniuliza kuhusu keki, na wenye mashine ya kupigia mayai wataniuliza kuhusu musi, ile chokoleti laini iliyopigwa ikajaa hewa. Nitawagusia njiani.

Niliyoyapima

Ladha kwanza: pipi inaleta kitu gani zaidi ya utamu? Kisha mdomoni: nama choko ni laini mwanzo mwisho, je, pipi inalipa jino kazi yoyote? Tatu ni unyevu, yaani pipi inavumilia muda gani juu ya chokoleti kabla haijaharibika. Nne, inaonekanaje sahanini. Tano, kuipata: inauzwa wapi, inatengenezeka nyumbani, inatunzika?

Hilo la unyevu nitalirudia mpaka unichoke, maana ndilo watu hulisahau. Chokoleti huyeyushwa na joto. Siagi ya kakao hulegea kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana inakufia ulimini. Sukari haijali joto la mdomo. Yenyewe inasubiri maji, yaani mate. Na ile krimu uliyoimwaga kwenye chokoleti, nusu yake na zaidi ni maji. Ukiilaza pipi ya sukari juu yake usiku kucha, umeilaza dimbwini.

Lipo na suala la mafuta. Mafuta ya chokoleti yakishaupaka ulimi, utamu mwepesi unaokuja baadaye hausikiki vizuri. Kwa pipi mbili kati ya hizi nne, mpangilio wa kula ni muhimu kuliko mpangilio wa sahani.

Konpeito

Hizi ndizo nyota ndogo zenye vinundu, ukubwa wa punje ya njegere au pungufu, nyeupe, waridi, kijani, njano. Jina lenyewe ni la Kireno, confeito. Mwaka 1569 padri Luís Fróis alimpelekea mtawala Oda Nobunaga zawadi ya konpeito ndani ya chupa ya kioo, akiwa anatafuta ruhusa ya kuhubiri dini yake. Wareno haohao sisi walituachia meza, leso na mvinyo. Pipi wakawapelekea wengine.

Hutengenezwa kwa subira isiyo ya kawaida. Chembe za sukari nene huwekwa kwenye karai kubwa lililoinama, linalozunguka juu ya moto, na fundi hulinyunyizia shira kidogo kidogo. Kila safari shira inakauka, chembe inanenepa, vinundu vinachomoza. Kufikia ukubwa wa kuuzwa huchukua kama wiki mbili.

*Ladha.* Sukari safi, basi. Zipo zilizotiwa ladha ya matunda au chai, lakini katika pakiti za bei rahisi rangi ni rangi tu, waridi na kijani unazitofautisha kwa macho peke yake. Kwenye chokoleti ya asilimia 70 inafanya kazi ya kuusukuma uchungu mbele. Kwenye chokoleti ya maziwa inakinaisha upesi.

*Mdomoni.* Hapa ndipo inapolipa. Kipande cha nama choko kinalegea, kisha ghafla jino linakutana na nyota na inalia kacha. Mtu aliyekuwa anakula kimya anainua macho. Ila zile kubwa usizitafune kwa meno mabovu, na mtoto mdogo usimpe kabisa. Ukubwa wake ni wa kupalia koo.

*Unyevu.* Mwaka wangu wa kwanza huku nilitengeneza musi ya chokoleti kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya rafiki. Usiku nikaipamba kwa konpeito za waridi, nikaipanga kama shanga kuzunguka ukingo wa bakuli, nikaifunga, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi kila nyota ilikuwa imekuwa kidoa chekundu chenye jiwe dogo katikati, na vidoa viwili vilikuwa vimeshuka pembeni mwa bakuli kama machozi. Nilikwangua juu yote nikafunika kwa unga wa kakao, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo: konpeito huwekwa dakika za mwisho. Juu ya keki kavu ya chokoleti iliyokwisha kupoa inavumilia vizuri zaidi, maana maji yake ni machache.

*Machoni.* Hakuna inayoishinda kwa mbali. Nyota juu ya kahawia iliyokolea inaonekana hata kwenye picha mbaya ya simu.

*Kuipata.* Rahisi kuliko zote. Japani iko hadi kwenye maduka ya yeni mia, na ukitaka za heshima kuna duka la Ryokujuan Shimizu la Kyoto, lililoanza kazi hiyo mwaka 1847. Ikikaa pakavu haiharibiki upesi, ndiyo maana hutiwa hata kwenye baadhi ya makopo ya biskuti za akiba ya maafa: biskuti inakausha mdomo, konpeito inarudisha mate. Kuitengeneza nyumbani sahau.

*Inamfaa* anayetaka mlio na sura, na ambaye atakuwepo mwenyewe wakati wa kupakua.

Wasanbon

Hii niliichelewa. Mara ya kwanza nilipewa kipande chenye umbo la jani, rangi ya maziwa mazito, nikakitia jino kama peremende. Hakikutafunika. Kilisagika, kikawa unga, halafu hakipo. Nikabaki nimefumba mdomo nikitafuta kilikokwenda.

Wasanbon ni jina la sukari kabla ya kuwa jina la pipi. Inatoka kisiwa cha Shikoku, mikoa ya Kagawa na Tokushima, kwa muwa mwembamba unaoitwa chikuto. Katika karne ya 18 shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune alihimiza miwa ilimwe nchini ili sukari ya kununua nje ipungue, na mafundi wa Shikoku wakatafuta njia yao ya kuing'arisha bila mashine. Maji ya muwa huchemshwa mpaka yawe sukari ya kahawia. Sukari hiyo hufungwa kwenye kitambaa na kukandamizwa chini ya uzito wa mawe ili molasi ivuje. Inatolewa, inakandwa kwa mikono na maji kidogo, inarudishwa kwenye mawe. Inakandwa tena, inarudi tena. San ni tatu, bon ni sinia. Maelezo yaliyozoeleka ya jina ni kwamba ilikandwa mara tatu juu ya sinia, ingawa siku hizi wengine huzidisha. Mwisho hukaushwa karibu wiki nzima. Chembe zake huwa laini kiasi kwamba ukizilowesha kwa mbali na kuzibonyeza ndani ya kibao cha mti wa mcheri kilichochongwa maua, zinatoka zimeshikana na kila mshipa wa petali unaonekana.

*Ladha.* Utamu wake hauna ncha. Kwa nyuma kuna kitu kama maji ya muwa yaliyokaa kivulini, kama siagi kwa mbali. Ukimaliza kipande na kungoja pumzi mbili, kisha ukatia chokoleti chungu, uchungu haukupigi. Unapanda polepole kwenye njia ambayo utamu umeshailainisha. Kwa maoni yangu hakuna kati ya hizi nne inayoipa chokoleti nzuri heshima kama hii. Lakini sharti chokoleti iwe nzuri, na iwe chungu. Kwenye chokoleti ya maziwa wasanbon inapotea kama mtu anayenong'ona sokoni.

*Mdomoni.* Hakuna mlio. Ni laini mbili zinazopokezana, moja kavu na nyingine ya mafuta. Anayetaka kutafuna ataona amedhulumiwa.

*Unyevu.* Ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukiiweka juu ya nama choko, umbo linaanza kulainika ukiwa bado unatafuta simu upige picha. Isiguse chokoleti kabisa. Iwe na kisahani chake. Ukiwa na wasanbon ya unga, si ya kubonyezwa, chekecha juu ya vipande badala ya kakao, mezani, mbele ya mlaji, na viliwe papo hapo.

*Machoni.* Ni uzuri wa kutazamwa kwa karibu: ua la mcheri wakati wa kuchipua majani, jani jekundu wakati wa kupukutika, rangi zimefifia kwa makusudi. Sinia kubwa la sherehe linaimeza.

*Kuipata.* Ni ghali, na ukikumbuka yale mawe na ile mikono utaelewa kwa nini. Tazama pia unachonunua: nyingi zenye sura hiyo ni rakugan, ambayo ni sukari iliyochanganywa na unga wa mchele. Haina ubaya, na chai inaipenda, ila haiyeyuki vile. Inaacha ungaunga mdomoni ambao chokoleti inaugeuza kuwa tope. Soma viambato. Ukipata unga wa wasanbon na kibao, kubonyeza mwenyewe si kazi ngumu.

*Inamfaa* mwenye wageni wachache, chokoleti chungu na muda wa kukaa.

Kohakuto

Kohaku ni kaharabu, lile jiwe la utomvu wa kale, na ukizitazama unaelewa. Ni vipande vinavyopitisha mwanga, nje vina ganda jembamba la sukari, ndani ni vilaini kama jeli. Vinagandishwa kwa kanten, unga unaotokana na mwani. Pwani tunamjua ndugu yake, chaina grasi ya kugandishia faluda. Hakuna jelatini, kwa hiyo hakuna swali la mnyama gani. (Na usidhani mwani wanaolima akina mama wa Paje utakupa kanten. Ule hutoa kigandishi cha aina nyingine.)

*Ladha.* Ile utakayotia. Ndiyo faida yake kubwa: ni pipi pekee kati ya hizi inayoweza kuwa chachu. Ndimu, yuzu (jamii ya ndimu ya huku Japani), ukwaju ukitaka kunisikiliza. Uchachu unakata mafuta ya chokoleti ya maziwa, na hata ile nyeupe, ambayo kwa pipi nyingine tatu nisingeisogeza karibu.

*Mdomoni.* Ganda linavunjika kwa sauti ndogo, kisha ulaini. Wengine hawaupendi ulaini wa ndani pamoja na ulaini wa nama choko. Wanasema ni mwingi. Juu ya keki inakaa vizuri zaidi.

*Unyevu.* Ya wastani. Ganda linalowa, ila haitokwi na rangi upesi kama konpeito. Saa moja mbili utakuwa salama.

*Machoni.* Vito. Ukizivunja kwa mkono badala ya kuzikata kwa kisu zinapendeza zaidi.

*Kuipata.* Tengeneza. Gramu 4 za unga wa kanten, mililita 200 za maji, chemsha huku ukikoroga mpaka iyeyuke kabisa. Tia gramu 300 za sukari, endelea mpaka shira ivutike uzi kijikoni. Ndimu tia baada ya kuepua. Mimina, iache igande, ivunje, panga vipande kwenye karatasi bila kugusana, vigeuze kila siku. Baada ya siku tatu mpaka saba ganda linakuwa limefanyika. Kwa mtu wa Dar au Mombasa wakati wa masika, hesabu zaidi ya wiki, na feni ikusaidie.

*Inamfaa* mwenye watoto wakubwa kidogo jikoni, asiyekula jelatini, na mwenye chokoleti tamu inayohitaji kusahihishwa.

Kurozato

Kuna watakaobisha kwamba hii si pipi. Ni sukari nyeusi ya Okinawa iliyokatwa mabonge, na watu huko huliweka bonge kinywani, wakanywa chai ya jasmini, wakaendelea na mazungumzo. Kwangu hiyo ni pipi.

Ujuzi wake ulitoka China: mwaka 1623 Gima Shinjo, ofisa wa ufalme wa Ryukyu uliotawala Okinawa zamani, alituma watu Fujian kujifunza kupika sukari. Leo inatoka katika visiwa vinane vidogo vya Okinawa, Hateruma, Tarama na Yonaguni vikiwamo. Maji ya muwa hutiwa chokaa kidogo, huchemshwa, hukorogwa mpaka yakaze. Hakuna kinachokamuliwa wala kuoshwa. Ni kinyume kabisa cha wasanbon: kule molasi inafukuzwa kwa mawe, huku inabaki yote.

Mtu wa Afrika Mashariki atakuwa ameshatambua. Ni sukari guru. Huko magharibi mwa Kenya imeponzwa jina na chang'aa, lakini bonge zuri la sukari guru lililopikwa kwenye karai safi na hili la Okinawa ni ndugu wa tumbo moja. Nilipolionja mara ya kwanza sikufikiria Japani hata kidogo, nilifikiria uji.

*Ladha.* Nzito. Chumvi kidogo, moshi kidogo, uchungu wa sukari iliyokaribia kuungua. Ndiyo maana kwenye chokoleti ya asilimia 70 huwa sishauri kuiweka pembeni tu: ni wazee wawili wenye sauti nzito wanazungumza kwa pamoja. Shusha kakao mpaka asilimia 50 hivi, au tumia ya maziwa, na chumvi yake itaanza kusikika.

*Mdomoni.* Bonge halilii, linamong'onyoka. Ukilipondaponda, punje zake zinaacha mchangamchanga mzuri juu ya chokoleti laini.

*Unyevu.* Inalowa upesi, na haijalishi. Ndiyo pekee ambayo ikiyeyuka inakuwa kitu kingine kizuri. Ikilala kwenye nama choko inageuka matone meusi kama ya asali. Mimi huitumia kwa makusudi: nayeyusha gramu 30 kwenye ile krimu kabla ya kuimwaga, kisha napondea kidogo juu wakati wa kupakua. Au naichemsha na maji iwe kuromitsu, ile shira nyeusi, nikamwagia keki iliyoanza kukauka. Keki ya juzi inarudi kuwa ya leo.

*Machoni.* Kahawia juu ya kahawia. Tusidanganyane.

*Kuipata.* Japani kote. Angalia lebo, kwa sababu baadhi ya bidhaa za rangi hiyo ni sukari ya kawaida iliyochanganywa na molasi. Si mbaya, ila ladha ni fupi. Uliye nyumbani nenda sokoni ukanunue sukari guru na usione haya.

*Inamfaa* anayejali ladha kuliko picha, na anayepika mahali penye joto.

Sasa chagua kwa hali yako

Wageni wanne, chai ya matcha au kahawa isiyo na sukari, na chokoleti chungu: wasanbon, kwenye kisahani chake, iliwe kabla. Waambie wageni, maana wasipoambiwa wataipachika juu ya chokoleti. Kama chokoleti yako ni ya kakao ya Kyela au Kilombero yenye uchachu wa matunda, ndiyo kabisa. Kohakuto ya ndimu hapo ingeleta uchachu juu ya uchachu.

Sherehe yenye watu thelathini na sinia refu inahitaji kitu kinachoonekana toka mlangoni. Konpeito, juu ya keki kavu, zikimwagwa wakati sinia linatoka jikoni. Watoto wa chini ya miaka mitano wape keki isiyo na nyota.

Kama ni zawadi ya kusafiri, labda ya tarehe 14 Februari au ile ya kurudisha shukrani tarehe 14 Machi ambayo Wajapani wanaiita White Day, nama choko yenyewe ndiyo tatizo, kwa kuwa inataka baridi. Iweke kwenye kiboksi chenye barafu kavu, na konpeito au kohakuto katika mfuko mwingine uliofungwa vizuri. Mpokeaji aziunganishe mwenyewe. Pipi zikitoka friji pamoja na chokoleti zinatoka jasho zikikutana na hewa ya nje, na jasho hilo linatosha kuziharibu.

Unakaa Dar, Mombasa, Muscat, au popote ambapo chokoleti inalegea njiani kutoka friji mpaka mezani? Usipambane. Kurozato au sukari guru, iyeyushwe ndani ya krimu, na punje chache juu. Ikilegea, kula kwa kijiko.

Kwa chokoleti nyeupe au ya maziwa iliyokwisha kuwa tamu, kohakuto chachu, na punguza sukari kwingine kokote. Kurozato pia inaweza, kwa ya maziwa tu. Kwa musi, yoyote kati ya hizi iwekwe mtu akiwa ameshashika kijiko. Mimi kosa langu nimeshalieleza.

Ikiwa pakiti uliyoletewa ina maandishi ya Kijapani tupu na hujui ni ipi, toa moja uiweke ulimini bila kutafuna. Ikikaa kama kokoto, ni konpeito: isubiri mwisho, juu. Ikitoweka kabla hujahesabu hadi kumi, ni wasanbon: nje ya sahani, kwanza. Ikiwa na ganda na jeli, kohakuto. Ikikukumbusha uji wa nyumbani, rudi jikoni ukapashe krimu nyingine.